Kutafuta vitabu kwa maneno kwenye katalogi ya maktaba: maswali tunayoulizwa kila wiki Lubumbashi

Maswali haya yametoka mezani pa maktaba, mahali ninapowapokea wanafunzi wanaoandaa TFC (travail de fin de cycle) na memwari (mémoire), yaani kazi za kumaliza masomo ya chuo, walimu, na wazee wanaotafuta historia ya mtaa wao au ya kampuni waliyoifanyia kazi. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Kama umeshazoea katalogi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya majina: hapo ndipo watu wengi wa Katanga wanapoteza vitabu vyao.

## Mwanzo

1. Katalogi inatafuta wapi hasa? Ndani ya vitabu?

Hapana. Kila kitabu kina rekodi fupi: kichwa, mwandishi, mchapishaji, mahali na mwaka wa kuchapwa, mada chache alizoweka mtunza maktaba, na namba ya rafu (wengi hapa huiita « cote »). Mara nyingine kuna muhtasari wa mistari michache. Unapoandika neno, katalogi inaangalia rekodi hizo tu. Neno lililo ukurasa wa 140 haiwezi kulijua.

Tena hailinganishi maana, inalinganisha herufi. Ukiandika « malaria » na rekodi inasema « paludisme », kwa katalogi hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa hiyo kazi yako ni kukisia: aliyeandika kitabu hiki, na aliyekiandikia rekodi, walitumia neno gani?

2. Niliandika kichwa chote cha TFC yangu, katalogi ikajibu hakuna kitu. Maktaba haina vitabu?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na linaniumiza kila mara, kwa sababu wengi huondoka bila kuuliza wakiamini kwamba vitabu havipo.

Tuchukue mfano. Mtu anaandika: « Impact de l'exploitation artisanale du cobalt sur la scolarité des enfants à Kolwezi de 2010 à 2020 ». Katalogi nyingi zitatafuta rekodi moja yenye maneno hayo yote kwa pamoja. Rekodi hiyo haipo, maana kitabu hicho ndicho unachotaka kukiandika wewe.

Chukua karatasi. Futa « impact », « de », « sur » na miaka. Yabaki maneno yanayobeba jambo lenyewe: cobalt, exploitation artisanale, scolarité, enfants, Kolwezi. Kisha chini ya kila neno andika ndugu zake. Chini ya « exploitation artisanale » weka « creuseurs », « artisanat minier », « mines artisanales ». Chini ya « scolarité » weka « école », « éducation », « enseignement », « déscolarisation ». Chini ya « enfants » weka « travail des enfants », « jeunes ». Chini ya « Kolwezi » weka « Lualaba » na « Katanga ».

Sasa anza na maneno mawili tu, kwa mfano « cobalt Katanga ». Soma matokeo. Kisha jaribu « creuseurs ». Kisha « travail des enfants mines ». Utafutaji mfupi mara sita unashinda mrefu mara moja. Usishangae kitabu kitakachokufaa zaidi kikiwa hakina neno « cobalt » kwenye kichwa chake.

3. Niandike kwa Kiswahili au kwa Kifaransa?

Katika maktaba zetu, mada karibu zote zimeandikwa kwa Kifaransa, hata kama kitabu chenyewe ni cha Kiingereza au cha Kiswahili. Kichwa cha kitabu hubaki katika lugha yake. Kwa hiyo ukitafuta mada, andika Kifaransa. Ukitafuta kichwa, andika lugha ya kitabu.

Ukiwa na shaka, tafuta mara mbili: « cuivre » kisha « copper ». Kwa vitabu vya wakati wa Wabelgiji jaribu pia Kiholanzi, « koper » na « mijnbouw », maana sehemu ya maandishi ya koloni ilitoka kwa lugha hiyo.

4. Herufi kubwa na alama kama é zina maana?

Herufi kubwa, kwa kawaida hazina, isipokuwa kwenye maneno ya kuunganisha (tazama swali la 5). Alama, katalogi nyingi hazizijali: « Elisabethville » na « Élisabethville » huleta jibu moja. Lakini rekodi za zamani zilizoingizwa kwa haraka zina makosa, kwa hiyo ukikosa, jaribu namna zote mbili.

Kinachosumbua kweli ni nukta ya juu, ile ya « M'siri ». Programu moja inaiondoa na kupata « msiri », nyingine inaikata na kupata « m » na « siri ». Andika namna zote.

## Kuunganisha na kukata maneno

5. ET, OU, SAUF: nitumie lini?

ET inapunguza: maneno yote lazima yawepo. OU inaongeza: lolote kati yao linatosha. SAUF inaondoa. Watu wengi huvichanganya ET na OU kwa sababu katika mazungumzo tunasema « nataka vitabu vya shule na elimu » tukimaanisha chochote kati ya viwili. Kwa katalogi, hiyo ni OU.

Kanuni ninayowapa wanafunzi: ndugu wa neno moja huunganishwa kwa OU ndani ya mabano, mawazo tofauti huunganishwa kwa ET. Mfano, kwa anayetafuta historia ya wafanyakazi wa migodi hapa kwetu (majina ya kampuni yameelezwa kwenye swali la 11):

(grève OU syndicat OU ouvriers) ET ("Union minière" OU UMHK OU Gécamines)

Bila mabano, mashine itaunganisha kwa mpangilio wake yenyewe na utapata mchanganyiko usioeleweka.

Programu hazifanani. Katika Koha, ambayo ilianzia New Zealand na sasa inatumika katika maktaba nyingi za Afrika, ukiandika mwenyewe kwenye kisanduku, tumia AND, OR, NOT kwa herufi kubwa. Katika Sudoc, katalogi ya pamoja ya vyuo vikuu vya Ufaransa, ni ET, OU, SAUF. Ukitaka usalama, fungua « recherche avancée »: hapo unachagua neno la kuunganisha kwenye orodha na huwezi kulikosea.

SAUF itumie kwa woga. Inatupa kitabu kizima kwa sababu ya neno moja tu (mfano uko kwenye swali la 12).

6. Alama za kunukuu zinasaidia nini?

Zinayafunga maneno yabaki pamoja na kwa mpangilio wake. « Union minière » bila alama italeta hata kitabu cha « union libre » chenye « région minière » mahali pengine. Zitumie kwa majina ya kampuni, ya vyama na ya sheria. Usizitumie kwa wazo lako mwenyewe: "scolarité des enfants creuseurs" ndani ya alama itakurudisha kwenye swali la 2.

7. Nyota (*) mwishoni mwa neno ni ya nini?

Inamaanisha: lete kila neno linaloanza hivi. « syndica* » inaleta syndicat, syndical, syndicaux, syndicalisme. Kwa Kifaransa, ambamo mwisho wa neno hubadilika kila mara, nyota ni msaada mkubwa.

Ila usikate fupi mno. « min* » inaleta mine na minier, lakini pia ministre, minimum na minorité. Hapo afadhali « (mine OU mines OU minier OU minière) ». Katalogi nyingine hutumia alama tofauti badala ya nyota. Bonyeza « Aide » uone.

8. Mbona nyota hainisaidii nikitafuta maneno ya Kiswahili?

Kwa sababu Kiswahili hubadilika mbele, si nyuma. Mgodi, migodi. Mchimbaji, wachimbaji, uchimbaji. Nyota hukaa mwishoni, na programu nyingi hazikubali kuiweka mwanzoni au huchelewa sana zikikubali. Andika maneno kamili na OU: « mchimbaji OU wachimbaji OU uchimbaji ».

Jambo hilohilo linagusa majina ya makabila na lugha, na hapa watu hupoteza vitabu vingi. Waandishi wa zamani waliandika Baluba, wa sasa wengi huandika Luba. Lugha utaikuta kama kiluba, tshiluba, ciluba (Kiluba cha Katanga na Tshiluba cha Kasai ni lugha mbili, zitenganishe). Bemba, Babemba, kibemba, cibemba. Yeke, Bayeke. Lunda, Balunda, Ruund. Hata Kiswahili chenyewe: katika vitabu vya zamani vya Kifaransa tafuta « souahéli » na « kingwana ».

9. Nimepata matokeo 900. Nifanyeje?

Usiyasome yote. Chuja kwanza kwa aina (kitabu, tezi yaani thèse ya chuo, gazeti), kisha kwa lugha. Ikiwa bado ni mengi, hamisha neno lako kuu kutoka sehemu zote hadi kwenye kichwa tu, au kwenye mada tu. Katika Koha unaweza kuandika ti: mbele ya neno la kichwa, au: kwa mwandishi, su: kwa mada.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni hii. Tafuta kitabu kimoja kinachokufaa kabisa, fungua rekodi yake, shuka hadi kwenye mada, ubonyeze mojawapo. Sasa unatumia maneno ya mtunza maktaba, huhitaji tena kukisia. Kitabu kimoja kizuri kinakupeleka kwa ndugu zake. Kisha andika namba ya rafu yake, nenda pale, utazame vitabu vya kushoto na kulia, maana vimepangwa kwa mada.

## Majina yaliyobadilika

10. Natafuta historia ya Lubumbashi na napata vitabu vya karibuni tu. Kwa nini?

Kwa sababu hadi 1966 mji huu uliitwa Élisabethville. Kitabu cha 1950 hakiwezi kuwa na neno Lubumbashi kwenye kichwa kama jina la mji. Mtunza maktaba mwangalifu ataweka jina jipya kwenye mada, lakini si rekodi zote zilizobahatika.

Tafuta majina yote kwa OU. Likasi: Jadotville. Kalemie: Albertville. Kananga: Luluabourg. Mbuji-Mayi: Bakwanga. Kisangani: Stanleyville. Kinshasa: Léopoldville. Bukavu: Costermansville. Katanga yenyewe iliitwa Shaba wakati wa Mobutu hadi 1997, na vitabu vingi vizuri vya uchumi na jiolojia viko chini ya Shaba. Tangu 2015 imegawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa hiyo kitabu cha 2008 kuhusu Kolwezi kitasema Katanga, cha 2020 kitasema Lualaba. Nchi nayo: Congo belge, Zaïre (1971 hadi 1997), République démocratique du Congo.

Kwa historia ya mji wetu, mimi huanza hivi: (Lubumbashi OU Élisabethville) ET neno moja la jambo ninalotaka.

11. Na majina ya vyuo na kampuni?

Ni vilevile. Kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906 kama Union minière du Haut-Katanga, kwa kifupi UMHK, ilitaifishwa wakati wa Mobutu na baadaye ikawa Gécamines. Mzee aliyeifanyia kazi anasema Gécamines kwa miaka yote, katalogi haimfuati.

Kwa tezi na memwari, kumbuka kwamba kati ya 1971 na 1981 vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Kisangani na chetu, viliunganishwa kuwa Université nationale du Zaïre, UNAZA. Kazi za miaka hiyo hazina jina « Université de Lubumbashi » bali « UNAZA, campus de Lubumbashi ». Na kwa kuwa fakalti za fasihi na za sayansi za jamii ziliwekwa hapa, humo kuna kazi kuhusu Kongo nzima, si kuhusu Katanga pekee. Mwanafunzi wa Bukavu au Goma anayetafuta kazi za miaka ya 1970 kuhusu kwao asisite kutazama huku.

Magazeti ya kitaalamu pia hubadilisha jina. Jarida la CEPSI, kituo cha utafiti wa matatizo ya jamii, lililoanzia Élisabethville, limekuwa Bulletin, kisha Problèmes sociaux congolais, kisha Problèmes sociaux zaïrois. Ukipata sehemu moja tu ya mfululizo, tafuta majina mengine kabla ya kusema maktaba haina.

12. Nikiandika « Congo » nachanganyiwa na Brazzaville. Niweke SAUF Brazzaville?

Usianze na hiyo. SAUF Brazzaville itatupa pia kitabu kinacholinganisha nchi mbili, na kitabu cha historia kinachotaja mkutano uliofanyika Brazzaville. Afadhali utumie mada rasmi: katika katalogi zinazofuata orodha ya Kifaransa ya RAMEAU ni « Congo (République démocratique) ». Au acha nchi kabisa, uandike mkoa au mji.

13. Mwandishi ana majina matatu. Nimtafute kwa lipi?

Kwa kila moja, peke yake, kwenye sehemu ya mwandishi. Sisi tuna nom, postnom na prénom, na mtunza maktaba wa nje hajui kila mara lipi ni lipi. Zaidi ya hayo, 1972 majina ya Kikristo yaliachwa kwa amri ya serikali, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na maandishi chini ya majina mawili. Mwanafalsafa Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, utamkuta kama Valentin-Yves Mudimbe, kama V. Y. Mudimbe, na kama Mudimbe Vumbi Yoka. Jina lake la ukoo pekee linatosha kuwakusanya wote watatu. Ikiwa jina la ukoo ni la watu wengi, ongeza neno moja la mada.

Kwa watu wa kale, tahajia ndiyo tatizo. Mwami wa Garenganze aliyeuawa 1891 ameandikwa Msiri, M'siri, Mushidi, Msidi. Nchi yake, Garenganze au Garanganze.

14. Nimechuja miaka 1940 hadi 1945 ili nipate mgomo wa Union Minière wa 1941. Sioni kitu.

Kichujio cha mwaka kinahusu mwaka wa kuchapwa kitabu, si wa tukio. Vitabu vinavyoueleza mgomo wa Desemba 1941 viliandikwa miaka mingi baadaye. Ondoa kichujio. Ukiandika 1941 kwenye kisanduku nayo inaweza kukuletea vitabu vilivyochapwa 1941 kuhusu jambo lolote. Tafuta « grève » pamoja na majina ya swali la 10 na 11.

## Mambo yanayokwamisha

15. Mwalimu amenipa jina la makala, katalogi haiijui.

Katalogi nyingi huorodhesha jarida, si makala zilizo ndani yake. Tafuta jina la jarida, angalia kama maktaba ina mwaka na namba unayoitaka, kisha omba lile toleo. Ndivyo ilivyo pia kwa sura moja ya kitabu kilichoandikwa na wengi: tafuta kitabu, si sura.

16. Natafuta sheria kwa namba yake. Inakataa.

Kistari na mkwaju huwasumbua mashine. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 imeandikwa 73-021, 73/021, au « soixante-treize » kwenye rekodi za ajabu. Code minier ya 2002 ni 007/2002, na sheria iliyoirekebisha 2018 ni 18/001. Acha namba, andika « code minier » au « régime foncier », kisha chuja kwa mwaka. Hapa kuchuja kunafaa, maana matoleo ya sheria huchapwa karibu na sheria yenyewe. Mwanafunzi wa sheria ahakikishe anasoma toleo lenye marekebisho.

17. Nina ISBN. Nifanye nini nayo?

Ni namba ya utambulisho wa kitabu. Iandike bila vistari. Tangu 2007 ina tarakimu 13, kabla ya hapo zilikuwa 10. Ukikosa kwa moja, jaribu nyingine. Vitabu vya wakati wa koloni havina ISBN kabisa.

18. Umeme unakatika na megabaiti zinaisha. Nitafuteje haraka?

Fanya ile kazi ya karatasi ya swali la 2 nyumbani. Ukifika kwenye mashine, una maneno tayari, unaandika tu. Piga picha kila rekodi nzuri kwa simu, hakikisha namba ya rafu inaonekana. Na pale maktaba ilipohifadhi masanduku ya fishi za karatasi, usiyadharau: mara nyingi vitabu vya zamani havijaingizwa vyote kwenye kompyuta.

19. Katalogi inasema kitabu kipo, rafuni hakipo.

Angalia kwanza kama rekodi inasema kimeazimwa au kinasomwa humohumo ndani. Kisha tazama rafu mbili za juu na chini, maana wasomaji hurudisha vibaya. Kisha mwambie mtunza maktaba, na umpe namba ya rafu, si kichwa tu. Usiondoke kimya: tusipoambiwa, kitabu hicho kitaendelea kuwaita watu bure kwa miaka.

20. Nimejaribu majina yote na lugha zote. Naweza kuandika kwamba hakuna aliyewahi kulitafiti jambo hili?

Bado. Jaribu katalogi tatu za nje kwanza: Sudoc, WorldCat (ya pamoja ya maktaba za dunia), na ya maktaba ya Musée royal de l'Afrique centrale ya Tervuren, Ubelgiji, ambayo ina maandishi mengi sana kuhusu Kongo. Zote hutazamwa bure kwenye intaneti. Kitabu kikiwa huko, jina lake sahihi litakusaidia kukitafuta tena hapa, na mara kadhaa nimekikuta kwenye rafu zetu chini ya tahajia nyingine.

Ikiwa bado hakuna, andika ulichokifanya kweli: ulitafuta katika katalogi zipi, tarehe gani, kwa maneno yapi, kwa lugha zipi. Orodha ya maneno hayo iwe kwenye kiambatisho cha kazi yako. Atakayekuja baada yako ataanzia ulipofika.